Mgeni wa Zipora

"Wananchi shilingi elfu moja na mia tano. Wageni dola ishirini na tano," karani wa lango la hifadhi alisema bila kuinua kichwa. "Mko wangapi?"

"Watatu," Jashvant akajibu. "Wananchi watupu."

Hapo karani akainua kichwa. Akamtazama Jashvant na shati lake lililopigwa pasi. Akamtazama mama yake, Gangaben, aliyekaa kiti cha mbele cha gari lao la Pijo akiwa na sari yake nyeupe ya ujane. Kisha akamtazama Zipora, aliyejaza kiti cha nyuma yeye na kapu lake la karanga. Kwa Zipora macho hayakukaa hata nukta moja. Karani aliandika mwananchi mmoja, akachana risiti, akarudi kwa wale wawili.

"Ninyi wengine, vitambulisho."

Gangaben hakukasirika. Alikuwa na miaka sitini na minne, na ngozi yake ilikuwa imeulizwa maswali tangu siku ya Uhuru, alishazoea. Tena siku hiyo alikuwa na furaha ya kitoto. Maisha yake yote alikuwa akimwashia taa Amba Mata, mama mungu aliyempanda simba kwenye picha ya ukutani, na alikuwa hajawahi kumwona simba. Kila mwaka Jashvant alikuwa akisema mwaka kesho. Mwaka huu wa tisini na nane, mvua za El Niño zilipokwisha na barabara zikapitika, Gangaben alimwambia mwanawe kwamba mwaka kesho anaweza kuwa amekufa, na kwamba haendi popote bila Mama Paskalina, yaani Zipora, muuza maziwa wake wa miaka thelathini na saba. Ndipo wakatoka Shinyanga alfajiri, wote watatu.

Jashvant alitoa paspoti yake ya kijani. "Huyu ni mama yangu mzazi. Mtu mzima. Karatasi zake zimebaki nyumbani."

"Asiye na karatasi tunamwandika mgeni. Ndiyo maagizo."

"Basi mwandike mgeni," Jashvant akasema upesi, na mkono ukaingia mfukoni ukatoka na dola.

Gangaben akageuka kumtazama mwanawe. Huyu alikuwa mtu wa kubishana robo saa kwa ajili ya kiberiti. Alikuwa akizima taa ya dukani mteja angali anatafuta mlango. Leo anatoa dola ishirini na tano bila hata kukohoa?

"Rudisha hela hizo," akamwambia.

"Ba," Jashvant akasema, akimwita mama kwa Kigujarati, "tusipoteze muda. Simba wanalala jua likipanda."

"Rudisha. Nilipe kigeni kwa nini?" Akafungua mlango, akashuka, akaenda dirishani pa karani. "Baba, mimi nimezaliwa Kolandoto. Hospitali ya wamisheni, mwaka wa thelathini na nne. Unapajua Kolandoto?"

"Napajua, mama. Lakini uso hauandikwi ulikozaliwa."

"Na huyu wa nyuma umemwuliza karatasi?"

Karani akacheka kidogo, akakuna sikio. Zipora naye akacheka huko aliko. Karatasi! Zipora katika maisha yake alikuwa na kadi ya chama tu, na hiyo aliitumia zaidi kuegemeza mguu wa meza.

Na hapa ndipo Gangaben alipofanya jambo ambalo usiku na mchana wa siku zilizofuata alijiuliza kwa nini hakukatwa mkono kabla ya kulifanya. Alirudi garini akalichukua begi.

Begi hilo jeusi la ngozi lilikuwa na historia yake. Mwaka Wahindi wa Uganda walipofukuzwa, marehemu mumewe aliweka amri: hakuna mtu wa nyumba yake atakayetoka nje ya mji bila begi la karatasi. Watu wengine husafiri na tairi la akiba na dumu la maji. Wao walisafiri na tairi, maji na begi. Baba Jashvant alipokufa, mwanawe alirithi duka, miwani na begi. Gangaben alikuwa amelipakata maelfu ya maili, Mwanza, Tabora, Kahama, na hakuwahi kulifungua, kwani Kiingereza hakukijua na mambo ya karatasi yalikuwa ya wanaume. Lakini alijua kwamba ndani yake mna kila mtu wa ukoo wao, wazima na wafu.

"Ba, acha!" Jashvant akapaza sauti, na safari hii ilikuwa sauti ya mtu anayeona sufuria ya mafuta inapinduka.

Alishachelewa. Begi lilikuwa juu ya kaunta. "Tafuta jina langu humo," Gangaben akamwambia karani. "Utalikuta."

Na kweli lilikutwa. Lakini aliyelikuta hakuwa karani. Kwenye benchi la nyuma alikuwa amekaa kijana mmoja mwenye sare, anakunywa chai. Mwaka huo dhahabu ya Geita ilikuwa imevuta watu wa kila rangi, na Uhamiaji walitawanywa kila mahali ambapo mgeni angeweza kupita. Kijana aliweka kikombe chini, akaja, akamsalimu Gangaben kwa adabu zote.

"Shikamoo, mama. Naitwa Donatus, Uhamiaji Shinyanga. Hiki ni chako?"

Alishika kitabu chenye rangi ya damu ya mzee.

"Marahaba, mwanangu. Hicho siyo changu."

Donatus akakifungua, akamgeuzia.

Gangaben aliona uso wake mwenyewe. Hakuwa na kioo mbele yake, lakini ni yeye: kidoti cha shavuni, sari nyeupe yenye pindo la kijivu. Picha ile aliikumbuka. Miaka minne iliyopita Jashvant alimpeleka studio, akasema ataikuza waitundike karibu na ya marehemu baba. Yeye akamtania kwamba mzima hatundikwi pamoja na mfu. Picha haikutundikwa, naye akaisahau. Na chini ya picha palikuwa na sahihi yake ya Kigujarati, ile aliyoiweka kwenye fomu ambayo Jashvant alimwambia ni ya benki.

"Hii ni paspoti ya Uingereza, mama," Donatus akasema taratibu. "Na hii ya zamani iliyobanwa nayo ina kibali cha kukaa nchini, mke wa raia. Kiliisha Juni, mwaka themanini na sita."

"Kibali cha nani?"

"Chako. Umekaa nchini miaka kumi na miwili bila ruhusa."

Zipora akaangua kicheko. Alidhani ni mzaha wa vijana wa serikali. Akacheka hadi akashika ubavu, kisha macho yake yakaangukia uso wa Jashvant, na kicheko kikakatika. Jashvant alikuwa ameegemea gari, kijasho chembamba kimemtoka, anatazama viatu vyake.

Alikuwa anajua. Gangaben aliona hivyo kabla hajaelewa kitu kingine chochote.

Donatus alikiweka kitabu katika bahasha yake, akaandika cheti cha wito cha Jumatatu saa mbili asubuhi, akamshika mkono Gangaben kumrudisha garini. Simba hawakuonwa siku hiyo.

* * *

Walirudi njia waliyojia hadi Lamadi. Hapo injini ilichemka, Jashvant akaegesha kando ya barabara, akafungua boneti. Alikaa nyuma ya boneti ile muda mrefu kuliko injini ilivyohitaji.

"Toka huko," mama yake akamwita. "Toka uniambie mbele ya Mama Paskalina. Kwa Kiswahili. Nisije nikasema kesho sikusikia vizuri."

Jashvant akatoka, mikono ina mafuta. Mtu wa miaka arobaini na minne alisimama kama mtoto aliyevunja chungu.

"Ilikuwa Desemba ya sitini na tatu," akaanza. "Serikali ilitoa miaka miwili ya kujiandikisha uraia, na ilikuwa inaisha. Baba na baba wadogo walikaa chumba cha nyuma cha duka wakagawana. Baba alichukua Tanganyika kwa sababu ya leseni. Baba mdogo mmoja akachukua India. Na wewe..."

"Na mimi?"

"Wewe uliachwa kwa Mwingereza."

"Aliyeniuliza nani?"

"Hakuna mwanamke aliyeulizwa, Ba. Kila nyumba ya Kihindi pale mtaani ilifanya hivyo. Huyu huku, yule kule. Tukifukuzwa, awepo mmoja mwenye pa kwenda, atuvute wengine."

Gangaben alikumbuka siku hiyo. Hakukumbuka mkutano, alikumbuka chai. Alipika chai ya watu watano, akaipeleka mpaka mlangoni, na mumewe akaipokea sinia hapo hapo kwenye kizingiti, akafunga mlango. Yeye akarudi jikoni. Kwa hiyo alipokuwa anaosha vikombe, upande wa pili wa ukuta walikuwa wanampa nchi, kama anavyonunuliwa bangili mtu asiyepimwa mkono.

"Mimi nilikuwa mlango wenu wa nyuma," akasema.

Jashvant akaiinamia injini tena.

"Na kitabu ukakifanya kipya. Mwaka tisini na nne. Ukanidanganya na picha."

"Kilikuwa kinaisha."

"Na kibali? Kibali kilikuwa kinaisha mwaka aliokufa baba yako. Hicho ulikiacha kwa nini?"

Hapa Jashvant alifuta mikono kwenye suruali yake nzuri bila kuona anachofanya. "Baba alipokufa, kibali kilitaka uende mwenyewe ofisini. Wangekuhoji. Ungejua."

"Nikijua?"

"Baba alisema ukijua utakwenda kuandikisha uraia siku hiyo hiyo. Utawapa serikali kile kitabu kwa mikono miwili. Mlango utafungwa."

Gangaben sasa alielewa. Si kwamba aliachwa kwa bahati mbaya. Walimjua vizuri! Walijua angechagua nini, na ndiyo sababu hawakumwuliza. Mume ambaye Gangaben alilala naye kitanda kimoja miaka thelathini na mitatu, akampikia, akamwosha alipougua hadi pumzi ya mwisho, alimficha jambo hili hadi kufa, akalikabidhi kwa mtoto kama mtu anavyokabidhi funguo.

Zipora alikuwa bado kwenye kiti cha nyuma. Mambo ya watu na nyumba zao hakuwa na desturi ya kuyaingilia. Lakini huyu Jashvant yeye ndiye aliyembeba mgongoni utotoni alipougua surua, na haki hiyo aliihesabu kuwa ya kudumu.

"Jashi," akamwita, "ukifukuzwa wewe, mama yako angekufungulia mlango. Na huyu akifukuzwa, anafunguliwa na nani?"

Jashvant akafunga boneti kwa nguvu, akaunguza vidole.

* * *

Ofisi ya Uhamiaji ilikuwa na mabenchi mawili. Moja limeandikwa WANANCHI, lingine WAGENI. Gangaben alikaa la kwanza, akaamshwa kwa adabu, akahamishiwa la pili. Pale alikuta vijana wawili wa Kikongo waliokamatwa Kharumwa machimboni, na Mzungu mmoja mwekundu, mpima miamba wa Geita, aliyemsogezea nafasi akamwuliza kwa Kiingereza ametoka wapi. Yeye akamjibu kwa Kisukuma. Mzungu akatikisa kichwa kwa heshima, akadhani ni Kihindi.

Riyaz, mwenye duka la vyombo aliyepakana nao ukuta, alipita dirishani akamwona. Alisimama. Akamtazama Gangaben, akalitazama lile benchi, kisha akaondoka upesi, na Gangaben akaelewa kwamba anakwenda kufungua begi la nyumbani kwake.

Zamu yake ilipofika, Donatus alisimama kumpokea, tena akampa shikamoo. Hilo ndilo lililomwumiza zaidi Gangaben. Kijana angekuwa na mdomo mchafu, angepata pa kumshika.

"Nieleze, mwanangu. Kolandoto siyo Tanzania?"

"Ni Tanzania, mama. Lakini ulizaliwa wakati wa Mwingereza, na baba na mama yako wote walizaliwa India. Kwa mtu wa namna hiyo sheria haikutoa uraia moja kwa moja. Ilibidi uuombe, na ulipewa miaka miwili."

"Usiku wa Uhuru mimi na Mama Paskalina tulisimama barabarani na bendera za karatasi. Nilipiga kelele sauti ikanikauka siku tatu."

"Naamini, mama."

"Hiyo siyo kuomba?"

Donatus akaangalia faili. Alikuwa kijana wa Masumbwe, mama yake mwenyewe alikuwa wa umri huo. "Hapana, mama," akasema. "Siyo kuomba."

Akamweleza yaliyobaki. Faini dola mia nne. Siku saba awe ametoka nchini kupitia mpaka wa Sirari. Akishatoka anaweza kuomba kuingia kama mgeni mwingine yeyote: dola hamsini, miezi mitatu. Ndani ya miezi hiyo aombe ukaazi, na uraia baadaye, kama utakubaliwa.

"Na huko mpakani wakikataa kunirudisha?"

Donatus akafunga faili. "Kuruhusu mgeni kuingia ni uamuzi wa ofisa wa mpakani, mama. Nitakuandikia barua. Lakini siwezi kukuahidi."

"Wakikataa nakwenda wapi?"

"Kitabu kinasema Uingereza."

Gangaben alikuwa hajawahi kupanda ndege. Bahari aliiona mara moja, siku mbili, Dar es Salaam, akaugua tumbo. Alikaa akamtazama kijana yule, akisubiri aseme kwamba wamekosea faili. Badala yake karani wa vidole alikuja na sahani ya wino. Walimshika vidole kimoja kimoja, vyote kumi, wakavibingirisha kwenye karatasi. Vidole hivyo kila asubuhi vilimpaka Amba Mata alama nyekundu ya paji la uso. Alipofika nyumbani alivisugua kwa sabuni, kwa ndimu, kwa majivu. Wino haukutoka, na siku mbili hakuigusa picha ya mungu wake.

Siku mbili hizo Jashvant mwenyewe alimletea mama yake chakula chumbani, badala ya mkewe. Sahani ziliondoka kama zilivyokuja.

* * *

Zipora alisema atakwenda, na Jashvant alipoanza kueleza kwamba safari ni ndefu na haina faida kwake, alimkatisha. "Kuangalia simba nilialikwa. Kuliwa na simba nisialikwe?"

Sirari palikuwa na kamba, ofisi mbili, na vumbi linaloingia nchi zote mbili bila kulipa chochote. Upande wa Tanzania waligonga muhuri wa kutoka kwenye kile kitabu alichorudishiwa na Donatus. Gangaben alivuka peke yake, begi kwapani. Hatua arobaini. Alizihesabu. Alikuwa anatoka nje ya nchi kwa mara ya kwanza katika maisha yake, na karatasi ilisema alikuwa ugenini siku zote.

Wakenya walimtaka akae kwanza upande wao saa moja ndipo aombe kurudi. Alikaa kwenye ngazi ya ofisi. Kutoka pale aliwaona: Jashvant ameshika kamba kwa mikono miwili, na Zipora kando yake amempa kisogo. Kati yao palikuwa na mbuzi wamelala barabarani. Hofu ilimshika kweli kweli sasa. Alifikiri, nikikataliwa nitakaa hapa hapa ngazini. Sitakwenda mbele hatua moja. Nitakufa nikiwatazama.

Saa ilipotimia alirudi hatua arobaini, na Jashvant na Zipora wakaingia naye ofisini. Ofisa wa kuingia alikuwa mwanamke, kibandiko chake kifuani kimeandikwa Ritha. Akaisoma barua ya Donatus mara mbili. Akavitazama vidole vya Gangaben vyenye wino. Akavuta fomu.

"Madhumuni ya safari?"

"Kurudi nyumbani."

"Hilo halimo, mama. Kuna matembezi, biashara, mkutano, au kupita tu."

Gangaben akaitazama fomu, mistari yote ya Kiingereza. Ritha akasubiri, kisha akaandika mwenyewe. "Nimeweka matembezi. Dola hamsini." Jashvant akazisukuma juu ya kaunta. "Mwenyeji wako Tanzania ni nani? Awe raia. Jina na mahali anapoishi."

"Mimi," Jashvant akasema, paspoti yake ya kijani tayari mkononi. "Mimi ni mwanawe."

"Yaya," Gangaben akasema. Ni Kisukuma, na maana yake ni hapana. "Huyu siyo mwenyeji wangu."

"Ba!"

"Mwenyeji hukufungulia mlango. Huyu alinifanya mimi ndiyo mlango." Akageuka akamshika Zipora mkono wa khanga. "Mwandike huyu. Zipora binti Maduhu, wa Ngokolo, Shinyanga."

Ritha aliwatazama wanawake hao wawili. "Una kitambulisho, mama?"

Zipora alifungua fundo la khanga. Kadi ya chama ilikuwa imekunjika mara nne na ina alama ya mguu wa meza. Ritha aliinyoosha kwa kiganja, akaisoma kwa makini kana kwamba ni hati ya Umoja wa Mataifa, akaandika.

"Unakubali kumpokea mgeni huyu, kumlaza na kumlisha?"

"Nakubali."

"Atakaa siku ngapi?"

Zipora akashtuka. Alimtazama binti yule kama mtu aliyetukanwa hadharani. "Mwanangu, wewe kwenu wapi? Mgeni anaulizwa siku ya kuondoka? Kwetu ukimwuliza hivyo umeshamfukuza. Mimi siulizi, na wewe usiniulizie."

"Mimi ndiyo kazi yangu kuuliza, mama," Ritha akasema, na sauti ikawa ndogo. Akaandika miezi mitatu. Akagonga muhuri. Gangaben aliusikia ule mshindo hadi kwenye meno.

* * *

Waliingia Shinyanga kesho yake alasiri. Pijo ilisimama mbele ya duka. Mkewe Jashvant alikuwa mlangoni na kibuyu cha maji na taa ya kumpokea mama mkwe. Gangaben hakushuka.

"Nifikishe Ngokolo," akasema.

"Ba, watu wanaangalia."

"Karatasi inasema Ngokolo. Unataka niandikwe mvunja sheria mara ya pili?"

Nyumba ya Zipora ilikuwa ya matofali mabichi, bati kuukuu, uwanja umefagiliwa. Miaka thelathini na saba ya maziwa, na Gangaben alikuwa hajapita kizingiti kile hata mara moja. Zipora ndiye aliyekuwa akienda kwake, tena kwa mlango wa uani. Hilo lilimjia pale pale akiwa na mguu mmoja ndani, na aibu ikampanda usoni. Alisimama.

"Hodi," akasema.

"Karibu, mgeni," Zipora akamjibu kutoka ndani, kana kwamba hawakufika pamoja.

Alimpokea begi. Alimpa kigoda cha mgeni, akamnawisha mikono kwa maji ya vuguvugu, akampangusa vidole kimoja kimoja kwa pindo la khanga, na kwa jinsi wino ulivyokuwa umefifia mtu angedhani ni maji hayo ndiyo yaliyoutoa. Akamwekea michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, iliyopikwa na karanga, na maziwa katika kikombe cha bati. Nyama hakuleta, maana desturi za mgeni wake alizijua kuliko za jirani zake. Halafu akakaa chini kwenye mkeka, akamsalimu upya, salamu ndefu ya Kisukuma ya mtu aliyetoka mbali, akimwulizia njia, ng'ombe na mvua za huko. Gangaben alijibu moja moja. Kwenye kuulizwa watoto hawajambo, alishindwa. Alilia kwa sauti, mdomo wazi, kama ambavyo hakulia hata kwenye msiba wa mumewe, na Zipora akamwacha alie.

Jua lilipolegea, Jashvant alirudi kwa miguu. Alisimama uwanjani mikono mitupu. Hakujua aiweke wapi, ikamning'inia tu.

"Ba," akaita. "Twende nyumbani. Chumba chako kiko tayari. Watoto hawajala."

Gangaben aliinua kikombe cha maziwa. Aliusikia moyo wake ukimvuta atoke mbio, amfute mwanawe vumbi la uso. Alibaki kwenye kigoda.

"Mimi niko ugenini," akasema. "Muulize mwenyeji wangu."

Jashvant akamgeukia Zipora. Akaanzia pale walipoanzia siku zote.

"Shikamoo, Mama Paskalina."

"Marahaba."

"Nimekuja kumwomba mama."

Zipora alimtazama mtoto aliyemwugulia surua mgongoni. Akapangusa mkeka kwa kiganja, polepole, ijapokuwa haukuwa na kitu.

"Mgeni wangu hajapumzika," akamwambia. "Kesho ukipenda njoo tena. Na ukija, Jashi, piga hodi kwanza, halafu umwulize yeye mwenyewe."